Bahasha Tupu za Burma

Wiki iliyopita binti yake Mister Dale aliniandikia barua pepe. Alinijulisha kwamba baba yake amefariki, kwamba aliondoka kwa amani huku albamu zake zikiwa pembeni ya kitanda, na kwamba familia inatengeneza kijitabu cha kumbukumbu. Aliniomba maneno mia mbili kuhusu mwaka ule niliofanya kazi na marehemu pale Mesquite, Texas, kwa sababu, alisema, "baba alikuwa akikutaja sana." Nimekaa na ombi hilo siku tatu. Maneno mia mbili ninayo, tena na ya ziada, ila sidhani kama ni yale yanayochapishwa chini ya picha ya marehemu anayetabasamu. Mwishoni mwa barua yake, baada ya shukrani, kulikuwa na jambo jingine dogo, nami nitalifikia. Kwanza niseme yangu, maana nikiyameza safari hii yatanikaba.

Mwaka wenyewe ni 2018. Sitamchosha mtu kwa habari za nilikozaliwa na tulikuwa wangapi nyumbani. Wanaopenda hayo wana ukoo wao wa kuulizana. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nasoma chuo asubuhi, nimeacha kazi ya kupakia maboksi iliyokuwa inanivunja kiuno, na najiona nina akili kuliko watu wote wa Mesquite. Tangazo lilisema anatafutwa mtu anayejua kusoma Kiswahili. Nililisoma mara mbili nikidhani ni utani. Nani huku analipa mtu kwa kujua Kiswahili? Nikapiga simu, nikaitwa, nikapata kazi siku hiyohiyo, na jioni nilimpigia mama mdogo kule Alief, Houston, nikamwambia nimekuwa mtaalamu wa nyaraka. Alipiga vigelegele ndani ya gari lake, nikamsikia.

Ofisi ya Mister Dale ilikuwa chumba kimoja kirefu katika safu ya maghala, kati ya duka la matairi na ghala la viti vya kukodisha. Hakikuwa na dirisha. Jua la Texas, alisema, huua wino. Kiyoyozi kiliunguruma mchana kutwa, nami nilivaa sweta wakati lami ya nje inalainika kwa joto. Rafu za chuma zilijaa makasha yenye majina ya makoloni, yameandikwa kwa herufi nadhifu, na juu ya meza yake palikuwa na taa moja kali na kioo cha kukuzia. Yeye mwenyewe alikuwa mzee mrefu, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Aliogopa sindano za chanjo. Lakini akizungumza na wenzake kwa simu alisema "koloni langu" na "maboma yangu ya kusini", na mara ya kwanza niliposikia niligeuka nione kama anatania. Hakuwa anatania. Saa sita kamili alikula biskuti nne za chumvi na vipande vinne vya jibini, akivipanga kwanza juu ya karatasi, kisha akanawa mikono hadi viwiko kama daktari anayeingia kupasua mtu.

Ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, alikuwa ametundika waraka wa zamani wa serikali ya koloni kuhusu barua na telegramu za ng'ambo. Niliusoma siku ya kwanza nikisubiri kompyuta iwake. Ulipanga ni ujumbe wa nani upite kwanza kwenye waya: wa Gavana, kisha wa jeshi, kisha wa mabenki na wenye mashamba ya mkonge, kisha wazungu wengine kwa zamu. Afisa akifa ng'ambo, mkewe apelekewe telegramu siku hiyohiyo. Wenyeji walitajwa mara moja tu, mstari wa mwisho: habari za vifo vya askari wenyeji zikusanywe kwenye orodha na zipelekwe bomani kwa meli, kadiri nafasi itakavyopatikana. Nafasi! Mtu amekufa kwa ajili ya mfalme ambaye hawajuani, na habari ya kifo chake inasubiri nafasi nyuma ya bei ya mkonge. Mister Dale aliona ninausoma, akaja kusimama kando yangu. Akaniambia niangalie ile chapa ya mtambo wa uchapaji kwenye kona, kwamba zimebaki chache sana duniani. Nikaiangalia.

Mzigo uliofanya aniajiri ulitoka Uingereza, kwa wajukuu wa bwana mmoja aliyekuwa mkuu wa boma katika wilaya ya kusini wakati wa vita vya Burma. Yalikuwa mafungu ya barua za askari, yamefungwa kwa kamba ya katani. Nilikuja kuuelewa utaratibu wake kutokana na makaratasi yake Mister Dale mwenyewe. Askari aliye vitani aliruhusiwa kuandika nyumbani bila stempu. Barua ilipita kwa mkaguzi, akakata kwa mkasi alichokiona kibaya, akagonga muhuri. Ikapanda meli, ikashuka, ikapanda lori, ikafika bomani salama, na vita yote ile katikati. Hapo sasa, ikiwa imebaki mwendo wa siku moja kwa miguu, ndipo mambo yalipoharibika. Mwenyeji hakuwa na sanduku la posta, kwa hiyo karani alitakiwa kulitafuta jina la mwenye nyumba katika daftari la kodi, ndipo ajue barua ipewe jumbe gani. Askari walikuwa wamesamehewa kodi kwa sababu wako vitani. Aliyesamehewa alifutwa daftarini. Basi karani alitafuta, hakuona jina, akagonga muhuri wa rangi ya zambarau: Hajulikani. Watu wazima, waliosomeshwa kwa gharama, walikaa mezani wakatunga mpango huo, wakaupiga chapa, na hakuna aliyecheka. Barua zikafungwa kamba. Bwana mkuu alikuwa mpenzi wa mihuri, na alipostaafu akazibeba kwao pamoja na vipusa vyake vingine.

Kazi yangu ilikuwa kuvaa glavu nyeupe za pamba, kusoma anwani, kuingiza jina na kijiji kwenye kompyuta, kisha kutoa barua iliyomo ndani, kwa maana karatasi iliyokunjwa huivimbisha bahasha na haikai vizuri kwenye albamu. Bahasha niliilaza katika mfuko wa plastiki. Barua niliitia katika pipa la buluu la karatasi. Kwa barua sikuhitaji glavu. Wapo wakusanyaji wanaothamini na barua pia, nimekuja kujua baadaye, na wengine wangemzaba kofi Mister Dale kwa alivyofanya. Lakini yeye alisema barua ni mambo ya watu, na mambo ya watu si historia ya posta. Nilianza kwa bahasha kumi kwa siku, nikafika ishirini. Alinisifu, nami nilipenda sifa. Kwa miezi miwili mtu aliyeajiriwa kwa sababu anajua kusoma Kiswahili hakusoma Kiswahili chochote isipokuwa majina na vijiji. Nimejitafutia visingizio vingi tangu wakati ule: zilikuwa zimekunjwa, wino umefifia, muda hautoshi. Ukweli ni kwamba nilidhani najua kilichomo. Salamu, salamu na salamu tena, za washamba waliokufa.

Pipa lilimwagwa na Mama Sifa, mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyesafisha ofisi zote za safu ile. Tulikula pamoja kwenye korido, kwa sababu Mister Dale alikataza chakula chenye harufu karibu na makoloni yake. Yeye alileta sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, mimi wali wa jana, na alikuwa na desturi ya kunihamishia nusu ya sombe yake bila kuniuliza. Siku moja akaniuliza huku akitafuna:

"Mudogo wangu, bile bikaratasi unatupaka kila siku ni bya nani?"

"Barua za zamani, Mama Sifa. Wenyewe wameshakufa."

"Na batoto yao nabo balikufa?"

"Sijui."

"Haujui, lakini unatupa."

Nilicheka. Nilijua habari zake za makaratasi. Alikuwa amekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa Texas, na hakutupa kitu chochote chenye maandishi: kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana ndevu, risiti za viatu, barua za benki zinazomkaribisha akope. Vyote vilikuwa ndani ya mfuko mmoja wa zipu, na mfuko ulienda naye hata dukani. "Kule camp karatasi njo mutu," aliniambia. "Weye unaweza kuwa pale, unapumua, lakini kama karatasi haiko, banakwambia hauko." Niliitikia kwa adabu, na moyoni nikasema huyu mama bado hajatoka kambini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na akili mwaka ule.

Mwezi wa tano Mister Dale alinipeleka kwenye maonyesho na mnada katika hoteli moja ya Dallas. Aliniomba nivae "nguo za kwenu", nami nikavaa kitenge, Mungu anisamehe, nikakaa nyuma ya meza yake kama kibao cha tangazo. Ukumbi ulikuwa na zulia la maua na wazee wapatao mia, kila mmoja kainamia kitu kidogo. Mmoja aliniuliza kama nazungumza Kiafrika. Mwingine alinieleza jiografia ya nchi yangu na akakosea mito. Niliwasikia wawili wakibishana juu ya muhuri wetu wa Hajulikani, kama wa zambarau ndio adimu au upo na mwekundu, na sauti zilipanda kama za watu waliogombea kiwanja. Ndipo mzee mmoja, mdomo umejaa jibini, akasema kwamba ni bahati njema barua hizo hazikufika, maana zingefika zingewashiwa moto wa jikoni, na leo wangekusanya nini? Wakacheka wote. Mister Dale akanitazama. Na mimi nikacheka. Nilikuwa nimeshika sahani ya zabibu, nimevaa kitenge cha mama mdogo, na nilicheka. Bahasha zetu zilipopandishwa mnadani nilizipiga picha kwa simu, na moja iligombewa kuliko zote kwa sababu muhuri wake ulikuwa umekaa katikati, haukupinda.

Idi ilipofika nilikwenda Houston. Mimi na mama mdogo tulialikwa Stafford, pembeni ya jiji, kwa Kaka Idrisa, mfamasia, mtu wa kwetu mwenye nyumba kubwa na moyo mkubwa zaidi. Meza za kukunja zilipangwa gereji, masufuria mawili ya pilau, kachumbari kwenye beseni, watoto wanakimbizana kwa Kiingereza. Wakubwa walikuwa wakizungumza yale ya siku zote, nani amepata karatasi, nani ana-refinance mkopo wa nyumba, nani binti yake kaolewa na Mnaijeria.

"Na wewe dada, bado uko warehouse?" mmoja aliniuliza.

"Niliacha. Sasa hivi nina-work na historical documents," nikasema, na kwa kuwa hakuna aliyeonyesha kuvutiwa vya kutosha, nikatoa simu nikaanza kuwaonyesha picha.

Simu ikazunguka meza na picha ya ile bahasha iliyogombewa. Ikamfikia Bibi Zuhura, mama yake Idrisa, aliyekaa kwenye kiti karibu na friji, kanga mbili juu ya gauni jipya. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na hata zamani hakusoma sana. Akampa mjukuu wake. "Nisomee, baba."

"It says Bint Chilemba," mtoto akasoma akijikwaa. "Nyumba ya Saidi Mpondela. Na-ki-tunda. Grandma, it's just an envelope."

"Rudia."

Mtoto akarudia, ingawa aliona ni bahasha tu. Bibi Zuhura akaweka sahani yake chini, sakafuni, taratibu, kama anaogopa kuimwaga.

"Bint Chilemba ni mama yangu," alisema. "Saidi Mpondela ni baba yangu."

Akatueleza kwa sauti ileile anayoitumia kuulizia chumvi. Baba yake aliondoka yeye akiwa ananyonya. Mama yake alikwenda kwa jumbe kila siku ya baraza akiuliza barua, akaambiwa hakuna. Vita ikaisha, wenzake waliosalia wakarudi, na mmoja akasema Saidi kabaki Bara Hindi na mwanamke. Hakuna mtu wa serikali aliyekuja kusema vinginevyo. Na kilichomshawishi mama yake aamini kilikuwa ufunguo. Saidi aliondoka na ufunguo wa sanduku la nguo, sanduku zuri la mbao, na mama alikaa mwaka mzima akilitazama, amebaki na kanga moja, mwishowe akalivunja kwa shoka. "Angekuwa na nia ya kurudi," alikuwa akisema, "angeuacha ufunguo." Alisema hivyo mpaka mwaka wa kufa kwake. Bibi Zuhura alikua na hukumu hiyo, kwamba yeye ni mtoto wa mtu aliyewatupa.

Kisha akanigeukia mimi. "Na ndani mlikuwa na nini?"

"Ndani wapi, Bibi?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Ndani ya bahasha, mwanangu."

Idrisa akaingilia, mtu mwema, akidhani ananisaidia. "Lakini dada, barua yenyewe si ipo? Huko kazini kwenu si wana-keep?"

"Nita-check," nilisema. Katika maisha yangu sijawahi kujiona duni kama nilivyojiona katika gereji ile, nimeshika simu yenye picha nzuri.

Saa nne za kurudi Mesquite nilizitumia kutunga hotuba. Jumatatu nilimkuta Mister Dale na glavu zake, nikamweleza yote, na kwa dakika moja niliamini atasikitika, maana aliweka kioo chini. Alisema ni jambo la ajabu sana. Alisema barua haipo, bila shaka, na bahasha ilishanunuliwa, na mnunuzi hatajwi. Akasema anaweza kumpatia mama huyo picha ya rangi, kubwa, bure. Halafu akafikiri, uso ukamng'aa. Je, mama huyo angekubali kuandika maneno machache na kutia saini, kuthibitisha kwamba kweli familia haikuipokea? Ingependeza sana katika katalogi. Hotuba yangu ilipotea yote. Ningetaka kuandika hapa kwamba nilivua glavu nikamtupia usoni. Nilirudi mezani nikazivaa, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa Ijumaa, na nikafungua bahasha nyingine.

Mchana kwenye korido sikuweza kula. Mama Sifa aliniangalia, akanihamishia sombe, nikaisukuma, ndipo akajua kuna jambo. Nikamwambia. Hakushangaa hata kidogo, na hilo lilinikera.

"Basi unalia nini? Mimi nilizibeba."

"Ulibeba nini?"

"Ile mibarua. Yote, toka siku ya kwanza. Iko mu sac ya muchele, chini ya kitanda." Akachambua mwiba wa samaki. "Kiswahili yenu ya zamani mimi siisome muzuri. Lakini nilisema, siku moja mutu atakuja kuuliza. Batu banaulizaka kila siku."

Gunia lilikuwa na barua zaidi ya mia sita, zinanukia mchele. Nilizitandaza kwenye zulia la sebule yake, watoto wake wakiziruka kwenda jikoni, na hapo ndipo nilipoona ukubwa wa nilichofanya. Karibu zote zilikuwa na mwandiko mmoja, mzuri, uliolala kulia. Askari wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo mwalimu mmoja wa kikosi aliwaandikia, wakimtamkia kwa foleni. Huwezi kumjua mtu kwa mwandiko. Na kwa kuwa jina na namba ya askari viliandikwa nyuma ya bahasha, mwalimu hakusumbuka kuvirudia ndani. Wengine walitaja jina mwishoni, wengi walimaliza na "ni mimi mume wako" au "ni mimi mwanao", basi. Bahasha ndiyo iliyokuwa inasema barua ni ya nani, na mimi, kwa kasi ya ishirini kwa siku, nilikuwa nimezitenganisha. Karani wa boma aligonga muhuri kwenye barua asizoweza kuzifikisha. Mimi nilikwenda mbali kuliko yeye.

Nilitumia wiki tatu kuzichambua, usiku baada ya kazi. Nilisoma mwanzo na mwisho tu, nikitafuta majina. Katikati sikuthubutu, niliona ni zamu ya Bibi kusikia kwanza. Nilitoa zenye majina ya watu wengine, nikatoa zilizoandikwa kwa wazazi na kaka, nikatoa za wanaotaja watoto wakubwa. Zikabaki tisa. Nikamuaga Mister Dale kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja, uliokuwa umechelewa wiki tatu, nikaendesha gari kwenda Stafford.

Bibi Zuhura alikuwa amejiandaa kama anayengojea wageni wa posa. Sebule imefagiliwa, chai ya tangawizi kwenye chupa, chapati zimefunikwa. Idrisa alikaa kando yake. Nikamweleza, kwamba huenda mojawapo ni yake, na huenda hakuna. Akasema, "Soma." Ya kwanza mtu aliuliza habari za mbuzi wake kwa jina la kila mbuzi. Ya pili ilikuwa imekatwa na mkasi wa mkaguzi hata hakuna maana iliyobaki, isipokuwa "mvua" na "ruba". Ya tatu mtu alimkataza mkewe kuuza shamba kwa shemeji. Baada ya kila moja Bibi alitikisa kichwa, na mimi nilianza kuogopa, na nakiri kwamba katika ya tano lilinijia wazo la kubuni. Nani angejua? Ningeweza kusoma chochote. Nikafungua ya sita.

"Mke wangu, baada ya salamu nakujulisha mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na macho yangu. Nimefanya kosa kubwa. Tulipokuwa melini nilivua koti nikakuta ufunguo wa sanduku umo mfukoni. Nililia, wenzangu wakanicheka. Najua nguo zako zote zimo, na mbeleko ya mtoto. Nimeutia uzi nimeuvaa shingoni, hata kuoga siuvui. Tafadhali usilivunje sanduku, ni la mama yangu. Nitakuja kulifungua mwenyewe."

Bibi alinyanyua mkono. Idrisa alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanamtikisika, lakini mama yake alikuwa mkavu, anatazama meza.

"Alilivunja kwa shoka," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Nisomee tena pale alipolia." Nilimsomea pale, mara nne. Kisha akauliza zimebaki ngapi. Nikamwambia tatu, lakini hakuna haja tena. "Zisome," alisema. "Nao walikuwa na watu wao." Nikasoma zote tatu mpaka mwisho, naye alisikiliza kila moja kana kwamba ni yake.

Nilipokuwa nazikunja akaniuliza, "Wewe ndiye uliyeitoa ndani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na hukuisoma."

"Sikuisoma."

"Unajua kusoma, na hukuisoma." Hakunigombeza. Akanimiminia chai, akanisogezea chapati, akanikazania nile. Nilikula na kulia kwa pamoja, na yeye alinipa muda. Barua nyingine tumekuwa tukizitafutia wenyewe, mimi na Idrisa, kijiji kwa kijiji. Chache zimefika. Zilizobaki ziko kwa Mama Sifa, ambaye hakubali zikae kwangu, na hawezi kulaumiwa.

Sasa lile jambo dogo. Binti yake Mister Dale anasema amekuta, katika albamu ambayo baba yake hakumruhusu mtu kuigusa, bahasha ya Bint Chilemba. Haikwenda kwa mtu mwingine kamwe. Aliinunua mwenyewe, kwenye mnada alikoipeleka mwenyewe, na miaka yote aliifungua mezani baada ya chakula akiwasimulia wageni habari za yule mama wa Houston. Hiyo ndiyo maana ya "alikuwa akikutaja sana". Binti ni mtu mwenye huruma, nadhani. Anasema haoni vizuri kuiuza, na angependa kuituma kwa mama huyo kama zawadi ya familia, kwa gharama zao, kwa posta ya haraka.

Jana mchana nilipiga simu Stafford.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikamweleza habari ya kifo, ya albamu na ya zawadi. Alisikiliza mpaka mwisho, nikasikia akipunguza sauti ya televisheni.

"Hiyo bahasha," aliuliza, "ndani ina kitu?"

"Haina kitu, Bibi. Ni tupu."

"Basi waachie," alisema. "Wao ndio waliokuwa wanaipenda."